Kifusi cha Jikoni kwa Mama

Kwako Dada mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limepunguza ukorofi. Huku hatujambo kabisa. Mimi leo nina raha mpaka mke wangu ameniuliza nimeokota nini.

Jiko la marehemu mama limekwisha. Ukuta mweusi wa moshi tumeubomoa, dirisha tumelipanua, na vile vigae vya kijani ulivyovichukia vimebanduliwa vyote. Fundi alinisisitizia nisitupe ovyo: mbao niwape maseremala, vyuma niwape watu wa chuma chakavu, makopo ya rangi yakae peke yake, na kifusi kiende uwanja wa halmashauri, kule wanakokisaga kujazia barabara. Nikamuuliza kama anajua anamfundisha nani, mimi mwenyekiti wa kamati ya usafi wa mtaa! Akarudi kubandua vigae vyake.

Basi mvua ikanyesha. Mtaro ulikuwa umezibwa na kifusi, maji yakatafuta njia nyingine, yakaingia kwa jirani yetu mshonaji, yule mjane. Cherehani ilizama, na sare za shule alizokwisha kuzikata zikawa tope tupu. Mtaa mzima ukachachamaa. Lawama zikamwangukia Mzee wa Mkokoteni, kwa kuwa yeye ndiye anayebeba taka za watu. Wakakata shauri asikanyage tena mtaani kwetu, nami nikatumwa nikamwambie. Nikamwambia. Aliinamisha kichwa, akageuza mkokoteni wake, akaondoka.

Dada, ni mimi. Uwanja ni mbali, nikaona uvivu, nikamwaga matoroli tisa mtaroni mchana kweupe, watu wakiwa makazini. Siku tatu nilikaa na siri hiyo. Jumapili nikasimama kwenye kikao cha mtaa nikasema yote. Jamani, nilizomewa! Uenyekiti wakanivua palepale, na mshonaji akasema uenyekiti potelea mbali, yeye anataka cherehani. Nimempelekea ya mke wangu ashonee wakati yake iko kwa fundi. Na jana tumezoa kifusi chote mpaka uwanjani, Mzee akivuta mkokoteni mbele, mimi nikisukuma nyuma.

Ndiyo, amerudi. Nilimfuata kwake kumwomba radhi. Akaniambia siku ile aliniona, tangu toroli la kwanza hadi la tisa. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akanitazama kwa upole tu, akaniuliza angemwambia nani, ikiwa malalamiko ya taka hupelekwa kwa mwenyekiti.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na goti lisikuzuie kuja kuliona jiko. Mgongo unaniuma vibaya, lakini roho yangu nyeupe.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho.