Jua la Sohail

Kilindoni, Mafia

Kaka Sohail,

Asalaam alaykum. Sisi wazima na duka linakwenda. Upepo uliezua bati la jikoni, fundi amelirudisha.

Video ya Jua unaloliunda kwenye kompyuta imefika, nikamwonyesha Baba. Alitazama gesi ya moto ikipanda, ikipoa na kuzama tena, akakusikiliza ukieleza kwamba ikweta ya Jua huzunguka upesi kuliko ncha zake.

“Kijana huyu anaeleza vizuri,” akasema. “Mtoto wa nani?”

“Wako, Baba. Ni Sohail.”

Akacheka. “Sohail wangu bado yuko madrasa.”

Akaomba nimwekee tena. Daktari anasema kumbukumbu yake haitarudi. Njoo, kaka, wakati bado anapenda kukusikiliza.

Dada yako,
Masooma