Maji na Umeme Viko Ndani ya Kodi

Kibabi, tarehe 6 Machi 2022

Mdogo wangu Brigitte,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Sisi huku wazima. Wewe na watoto mnaendeleaje tangu tulipomzika shemeji?

Nimefikiri sana habari yako. Apartema yangu ya Goma, pale Ndosho, iko wazi: saloni ya wageni, vyumba viwili, robine ya maji ndani. Ingia ukae, ushone kwa ile mashine yako ya umeme. Sitaki kodi ya pesa. Nipe tu shamba lako la kilimani nililime, mavuno yawe yangu muda wote utakaokaa huko. Maji na umeme viko ndani ya kodi, mimi ndiye nitakayelipa. Siku ukirudi, shamba ni lako kama Papa alivyokupa.

Nina ombi moja. Tuma bidoni mbili za kasiksi kwa majirani wa mpakani mwa shamba, wasinitazame vibaya nikianza kulima kwako. Itoke kwako, si kwangu. Unawajua, bila pombe ya ndizi hawasikii la mtu.

Kaka yako,
Athanase

Goma, tarehe 27 Machi 2022

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, pamoja na mama watoto. Magoti yake yamepona? Sisi hatujambo.

Tumeingia. Watoto wanafungua robine na kuifunga tena, mpaka nimewatisha kwamba utakuja kuwachapa. Jana nilimaliza sare nne za shule, taa ikiwaka juu ya kichwa changu. Nililia kidogo, kaka, sikufichi. Tangu nifiwe hakuna aliyenifikiria hivi.

Kasiksi nimempa Yves wa pikipiki, atazifikisha kwa Papa Théophile na Mama Constance. Waambie ni mimi niliyetuma, na usiinywe wewe njiani.

Dada yako mdogo,
Brigitte

Goma, tarehe 19 Juni 2022

Kaka,

Habari za nyumbani? Sisi tuko, ila si vizuri. Barua yangu ya mwezi wa tano hukuijibu, na Yves anaapa alikupa mkononi.

Hii ni wiki ya tano bila umeme. Watu wa umeme walikuja, wakasema mwenye nyumba halipi, wakakata. Juzi maji nayo. Wateja wamechukua vitambaa vyao wakaenda kwa fundi mwingine. Kama maharage hayakutoka vizuri na pesa ya umeme imekosekana, niambie tu, mimi si mgeni kwako. Nataka kuja kwenye mavuno nikusaidie, tuongee.

Mdogo wako,
Brigitte

Kibabi, tarehe 8 Julai 2022

Brigitte,

Salamu. Tuko wazima. Vumilia kidogo, mambo yatapangika. Usije kwenye mavuno, barabara ni mbaya na una watoto. Maharage nitakuletea mwenyewe.

Kaka yako,
Athanase

Goma, tarehe 14 Septemba 2022

Athanase,

Natumaini uko mzima. Mimi sijui niko namna gani.

Mama Constance ameshuka Goma kutibiwa macho, akafikia kwangu. Nilimuuliza habari za shamba langu. Alinishangaa. Akasema, "Si njo weye ulituma kasiksi? Tulikunywa sisi wote ba mupaka, tukasema basi, Brigitte amekubali kuuzisha. Sasa iko ya muntu wa ngombe. Ametoa maharage yote, ameweka senyenge."

Nilimfanya arudie mara tatu, nikidhani macho yanamsumbua mpaka na kichwa.

Mimi ni mtu wa Kibabi. Najua kwamba kwetu shamba likiuzwa, majirani wa mpakani hunywa pombe ya mwenye shamba, na wakishainywa limekwenda. Ningeombwa na mtu mwingine yeyote, ningeuliza kwa nini. Uliomba wewe, nikanunua kwa pesa ya sare. Ulinifanya niuze shamba langu mwenyewe bila kujua.

Papa alinipa lile shamba mbele ya watu, mimi msichana, na wengine walimcheka. Ulikuwepo. Ulisema amefanya vema. Ulikuwa tayari unadanganya siku ile, ao ilikuja baadaye? Nijibu hilo tu.

Brigitte

Kibabi, tarehe 2 Oktoba 2022

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa unyenyekevu. Niliingia katika biashara ya jibini na mtu akaniachia madeni. Wanaonidai wangeichukua nyumba ya Ndosho. Ningeiacha iende, wewe na watoto mngelala wapi? Nilichagua paa lenu.

Nawe unajua, shamba la mwanamke mwishowe huenda kwa watu wengine. Bora faida ibaki katika ukoo. Umeme nimeulipa, na maji pia, mwaka mzima. Kaa bila kodi yoyote. Tusipeleke maneno yetu kwa watu.

Kaka yako daima,
Athanase

Goma, tarehe 23 Oktoba 2022

Athanase,

Watoto ni wazima. Umeme umerudi Jumatatu, kama ulivyoandika. Walipiga makofi. Mimi nilikaa mbele ya mashine nikashindwa kuikanyaga, maana kila taa niliyoitazama ilikuwa inakula shamba langu. Nimezizima zote.

Hukujibu nilichokuuliza. Nimeelewa.

Tumehamia chumba cha mbao kwa Mama Geneviève. Hakina umeme na maji tunachota, lakini kodi yake ni pesa na naijua mwisho wake. Funguo zako anazo Yves, ndiye anayekuletea barua hii.

Jumapili nitakuwa Kibabi. Misa ikiisha nitasimama mbele ya Papa Théophile na majirani wote niseme kwamba sikuuza. Huenda shamba lisirudi. Lakini watalisikia neno hilo kutoka kinywani mwangu, nawe ukiwa pale.

Mke wako asinitandikie kitanda. Nitalala kwa Mama Constance, nyumba ya pili kutoka kwako, na kila mtu ataona.

Mtoto wa Papa Kanyamibwa,
Brigitte