Riwaya ya Mama

Nasri mwanangu,

Mchele wa Rujewa nimempa dereva akuletee huko Makongolosi. Kula, kifua chako hicho kibovu.

Ila umenitukana. Umewaambia wajomba zako baba yenu alikuachia nyumba peke yako, na kwamba alivyosema Jaha dada'ko asitolewe humo ni riwaya yangu tu, nimetunga. Nikamuuliza ustadhi. Kasema riwaya kwa Kiarabu ni habari anayoisimulia aliyeisikia, hata masimulizi yakitofautiana, na asili ya neno ni kubeba maji.

Haya, siku baba yako anakata roho nani alimbebea kikombe cha maji? Wewe ulikuwa machimboni. Mimi nilisikia.

Jaha hatoki. Ukija na kufuli lako utanikuta mlangoni, nimeshika kikombe kilekile.

Mama yako,
Amna