Kiti cha Marehemu Mama Mkwe

Wifi yangu,

Salamu zako zimefika, na ombi ulilolificha chini yake nimeliona. Sisi wazima. Paa la jikoni limeacha kuvuja, na binti yangu amefaulu ushonaji, anamsalimu shangazi yake.

Sasa hicho kiti. Unasema kiti cha marehemu mama yenu ni cha damu yenu, nikurudishie. Aliniachia mimi, niliyemwogesha miaka sita, lakini nilikuwa nimeamua kukupa ili yaishe. Hata kamba ya kukifungia nilishanunua.

Wakati nakipangusa vumbi, nikakumbuka. Mimba yangu ilikuwa ya miezi minane, miguu imenivimba, nikakikalia kidogo tu. Ukanifokea mbele ya wageni: "Hebu inuka! Hicho si kiti cha watu wa kuja. Nenda kakae jikoni." Wiki iliyofuata tulimzika mwanangu kabla hajapata jina, na wewe ulikaa kwenye kiti hichohicho ukipokea pole.

Basi nimekitoa uani. Kuku wangu mwekundu amekipenda kweli, anaatamia mayai kumi na moja juu ya ule mto uliofuma kwa mikono yako.

Njoo ukichukue siku yoyote. Ila kuku wangu usimwinue. Simama pembeni, mwombe ruhusa kwa adabu, kisha usubiri akujibu, kama nilivyokuwa nikisubiri mimi.

Ni mimi wifi yako,
mtu wa kuja.