Nilitunga Wimbo wa Kumfukuza Mmiliki wa Timu, Ukamwangukia Mpiga Deki

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali soma hadi mwisho kabla hujanihukumu, ingawa hukumu yenyewe nimekwisha kujipa na sasa natafuta tu mtu wa kunisomea kwa sauti.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, mjalidi vitabu mstaafu, na katika mji huu niliingia miaka thelathini na minane iliyopita nikiwa na mke mjamzito, sanduku moja na kisu cha kukatia karatasi, kwa kuwa kule nilikotoka watu waliamka siku moja wakauchoma mtaa wetu mpaka misingi, na sijarudi, kwa sababu hakuna cha kurudia. Hapa nilipata kazi, nikapata nyumba, nikalea watoto, lakini mahali pa kupaita kwangu sikupapata mpaka nilipoingia ukumbi wa mpira wa kikapu nikakaa safu ya saba, kiti cha pembeni, karibu na fundi saa mmoja ambaye siku ya kwanza aliniuliza, "Unamwonaje yule namba tisa?" na hakuniuliza natoka wapi. Tumekaa pamoja misimu ishirini na sita. Pale ukumbini naitwa Mzee Jalada.

Sasa timu yetu ilinunuliwa miaka mitatu iliyopita na bwana mmoja ambaye sina neno jema la kumsemea, na nitakueleza kwa nini ili usidhani tunamwonea: alimuuza mchezaji wetu anayechezesha timu katikati ya msimu, siku mbili tu baada ya kutangaza redioni kwamba hauzwi, paa likaanza kuvuja akaweka ndoo nyuma ya goli la kusini na ndoo iko pale hadi leo, akang'oa benchi la wazee wasioweza kupanda ngazi ili ajijengee chumba cha vioo, na ndani ya chumba hicho huketi akiongea na wageni wake, ameupa uwanja mgongo mechi nzima, hata timu ikiwa inachinjwa. Tukamwita Bwana Mgongo. Tuliandika barua, tulivaa nyeusi, tulikaa kimya robo nzima bila kupiga hata kofi moja, na yeye hakugeuka.

Mwezi uliopita gazeti likaandika kwamba Bwana Mgongo hakuzaliwa hapa, aliletwa akiwa mtoto kutoka nchi ya mbali, si yangu wala si jirani ya yangu, na wiki hiyo hiyo tukawa tunafungwa kwa tofauti ya pointi thelathini na nne, na fundi saa akanigeukia akasema, "Mzee Jalada, wewe umesoma kila kitabu ulichokishona, hebu tutungie kitu," nami nikatunga, mshauri, nikatunga kabla makocha hawajamaliza kuongea na wachezaji wao pembeni ya uwanja:

Mgongo, Mgongo, funga virago,
Rudi ulikotoka, beba na mizigo.

Safu yetu ikaimba, ya nane ikadaka, ngoma ya upande wa pili ikaingia, na kabla ya robo ya mwisho watu elfu tatu walikuwa wanaimba maneno yangu na vioo vya chumba kile vinatetemeka, na hapa ndipo pa kuungama, kwamba katika miaka yote hiyo thelathini na minane sijapata kujiona mwenyeji kama nilivyojiona saa ile. Asubuhi yake nilinyoa ndevu nikiuimba. Mke wangu alisimama mlangoni na taulo mkononi, akasikiliza, akaondoka, nami nikadhani ni sauti yangu tu ndiyo haipendi.

Ukumbini yuko mama mmoja ambaye kazi yake ni kufuta uwanja kila mchezaji anapoanguka na kuacha jasho, nasi tunamwita Mama Deki, naye ametoka upande ule ule niliotoka mimi, ingawa yeye amekuja juzi tu, ana miaka minne hapa. Kila Jumamosi huniamkia kwa lugha ya nyumbani, neno moja, nami humwitikia neno moja, na neno hilo hunitosha wiki nzima. Nilimwambia kwa majivuno kwamba wimbo ule mtunzi wake ni mimi. Akasema, "Una mdundo mzuri, baba," kisha akaniomba niinue miguu apitishe dekio.

Jumamosi iliyopita, robo ya tatu, tuko nyuma kwa pointi mbili tu na kwa mara ya kwanza msimu huu tunacheza kama watu, ndoo ya Bwana Mgongo ikafurika, maji yakatambaa hadi chini ya goli, mwamuzi akasimamisha mchezo, Mama Deki akaingia. Maji mengi, dekio moja. Alichelewa. Watu wakaanza makofi ya kumharakisha, kisha kutoka kule juu, mahali nisipoweza kuona uso wa mtu, sauti moja ikaanzisha, "Mama Deki, funga virago," na ngoma, ambayo haina macho, ikadaka, na watu wakacheka, wakaimba, si wote lakini wengi, na mimi, mshauri, mimi niliyetunga, niliimba, mstari wa pili wote ulinitoka kwa mazoea kabla sijatambua unakwenda kwa nani. Nilipotambua, kinywa kilikuwa bado wazi. Yeye alikuwa amesimama chini ya goli ameshika dekio kwa mikono miwili, hajui amalize au atoke, na akatazama safu ya saba. Hakutazama kwingine.

Na huko juu, nyuma ya vioo, Bwana Mgongo aligeuka. Misimu mitatu sikuwahi kuuona uso wake mechi ikiendelea. Alimtazama yule mama kwa muda, sisi hakututazama, kisha mtu akavuta pazia.

Tangu siku hiyo nimeduwaa. Nakula kwa sababu nimewekewa chakula. Nimekuwa kama mtu aliyejikuta ameshika kisu na hakumbuki alikiokota wapi, kwa sababu maneno yale nayajua, mshauri, niliambiwa mwaka wangu wa kwanza hapa kwenye dirisha la posta, karani aliisukuma fomu yangu bila kuisoma akasema, "Rudi ulikotoka, bwana," na mke wangu alikuwa kando yangu na tumbo la miezi minane, na tulirudi nyumbani kwa miguu na fomu ile mkononi. Juzi ndipo alipolisema lililokuwa moyoni mwake. "Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa naogopa utakutana na maneno yale tena barabarani. Sikujua utayaleta mwenyewe, ukiyanyolea na ndevu."

Sasa Jumamosi hii ni mechi ya mwisho, na inasemekana Bwana Mgongo amechoka na wapo wanaotaka kumpokea timu, na wenzangu wameshona bango la kitambaa la kufunika safu nne lenye mistari yangu miwili, na fundi saa amekuja kwangu na kipaza sauti cha mkononi akakiweka mezani karibu na miwani yangu.

"Wewe ndiye utakayeanzisha," aliniambia. "Televisheni itakuwepo."

"Ndugu yangu, uliona walivyomfanyia Mama Deki?"

"Utani ule. Watu walikuwa na furaha, tulikaribia kushinda."

"Na mimi je? Mimi nimetoka wapi?"

Alicheka, akanigonga begani. "Ah, Mzee Jalada. Hatukukusudia wewe. Wewe ni wetu."

Alisema kwa upendo, na huo upendo ndio ulionimaliza nguvu.

Nikikataa watasema nimenunuliwa, au kwamba wageni wanalindana, na nikikubali sijui nitaingiaje tena nyumbani kwangu, kwa hiyo nimeanza kumwambia kila anayeniuliza kwamba goti linaniuma. Nifanye nini? Nibaki nyumbani na goti langu, au niende nikae kimya wenzangu wakiimba, na nitatokaje katika jambo hili bila kupoteza kiti ambacho ndicho nchi pekee niliyobaki nayo?

Mimi,
Mzee wa safu ya saba

*

Shikamoo, mzee. Nimekuamkia kwanza kwa sababu baada ya hapa nitakugombeza, na sitaki useme sikulelewa.

Nilipofika pale ulipouimba mstari wa pili, niliiweka barua chini, chai ikapoa. Nina miaka kumi na minne katika kazi hii, nimesoma ya wake wenza, ya wakwe, ya watu waliozika jeneza tupu, na nilidhani nimezoea. Pole sana. Pole yangu inaishia hapo.

Bwana Mgongo nampisha, sina haja ya kumtetea. Anayemuuza mchezaji siku mbili baada ya kusema hauzwi, na kuwang'olea wazee benchi, anastahili kuzomewa mpaka masikio yawashe. Lakini nijibu swali moja: angekuwa amezaliwa hapo hapo chini ya goli la kusini, paa lisingevuja? Ulikuwa na makosa yake yote mkononi, mzee, moja moja, na tarehe. Ukayaacha ukaokota jiwe ulilorushiwa wewe posta. Halafu unashangaa kwamba limempata mwingine. Jiwe la namna hiyo halichagui, na wewe ulijua hilo kabla ya wote waliokuwa ukumbini.

Sasa nikugombeze hasa. Umeniandikia habari za ndoo, benchi, vioo, ngoma, bango na goti. Hukuniambia kama yule mama alimaliza kufuta maji. Hukuniambia alitoka uwanjani vipi, wala kama Jumatatu alirudi kazini. Hujui, siyo? Umekaa unaduwaa siku zote hizi na hukwenda kuuliza. Mtu wa nyumbani kwenu, anayekupa neno moja la kukutosha wiki nzima, na wewe unaniuliza kuhusu kiti.

Fundi saa anakupenda, sikatai. Lakini anayekwambia "wewe ni wetu" ana hesabu ya wasio wetu mfukoni, na hajakuonyesha. Mwulize kwa upole: tangu lini, na mpaka lini? Nami nina hakika ya jambo moja, kwamba katika misimu ishirini na sita hujawahi kumsimulia habari ya dirisha la posta. Uliogopa ataacha kukuuliza kuhusu namba tisa. Basi msimulie wiki hii. Hawezi kuyajua yasiyosemwa.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, si Jumamosi, nenda ukumbini wakati wa usafi. Usibebe zawadi. Mwamkie kwa neno lenu, halafu mwambie kwa lugha hiyo hiyo: wimbo ule ni wangu, na siku ile niliuimba na mimi. Kisha nyamaza. Usimweleze ulivyoumia wala ulivyokosa usingizi, maana hakuajiriwa kuupiga deki moyo wako. Akikujibu, msikilize hata akikutukana. Asipokujibu, mwachie afanye kazi yake, na Jumamosi mwamkie tena kama kawaida.

Ukitoka hapo nenda kwa fundi saa na kile kisu chako cha kukatia karatasi. Wewe ni mjalidi, umefumua vitabu vingi kuukuu ukavishona upya, na bango la kitambaa halitakushinda. Anza na mstari wa pili. Ufumue mbele yao, na mkono ukifanya kazi mdomo uwe unasimulia.

Goti lako lipeleke Jumamosi. Likiuma, kaa, kipaza sauti hakishikwi kwa goti. Usiende kukaa kimya, kwa sababu kimya chako watakiimbia juu yake, na hawataki zaidi ya hicho. Mwimbie yule bwana ndoo yake. Mwimbie benchi, mwimbie alichosema redioni. Mimi si mtunzi, lakini umeniandikia mwenyewe kwamba barua hazikumgeuza, nguo nyeusi hazikumgeuza, na siku moja tu aligeuka. Hatujui alichokiona alipomtazama yule mama, na si kazi yetu kukibuni. Ila mwambie ageuke tena. Neno "geuka" lina mdundo, na halimfukuzi mtu yeyote nchini.

Watasema umenunuliwa. Kama yupo aliyewahi kukununua ni wao, na walichokutolea ni neno moja tu, "wetu". Na kiti cha safu ya saba, ukikipoteza kwa sababu hii, basi kilikuwa kiti. Nchi haipotei kwa kusema kweli ndani yake. Mchukue na mke wako, yule aliyesimama mlangoni na taulo. Alisikia mapema kuliko elfu tatu.

Lakini hayo ni ya Jumamosi. Kesho ukifika ukumbini, futa viatu mlangoni kabla hujakanyaga. Sakafu ile ina mwenyewe.