Daktari Kakataza Baba Asilishwe

Dorine, upo? Yule daktari wa mazoezi tuliyemtafuta Songea nzima tangu baba apooze, leo tumempata.

Unajua kauliza nini? Kauliza nani anamlisha mzee. Mama akajibu kwa fahari kabisa, "Mimi, daktari. Tangu augue hajashika hata tonge."

Daktari kasema, "Mama, ndiyo maana mkono umekakamaa. Kuanzia leo ale mwenyewe."

Ale mwenyewe, Dorine. Baba.

Sasa hivi yupo mbele ya sahani. Tonge linadondoka, analiokota, linadondoka tena. Mama kakimbilia jikoni, analia.

Baba kanigeukia mimi. "Mwanangu, nina njaa."

Nakuandikia ili mikono yangu iwe na kazi, isije ikamlisha.