Kwa Kavira, juu ya kifo ya Masika

Butembo

Mujukuu wangu Kavira,

Koko wako anakusalimia sana. Baba yako alimaliza kuvuna maharagi, na dada yako alizaa mutoto muke, bote bako bazima. Kule Kinshasa unaamuka namna gani?

Unaniuliza: "Koko, rafiki yako Masika alisindikiza bagonjwa ba kansa miaka yote, hata kugombana na badoktere juu yabo. Juu ya nini ile ugonjwa imemuua yeye?" Mujukuu, sijui. Juzi nilitoka kwenda kwake, nimuelezee namna maziko ilipita. Nilifika kwa mulango yake ndio nikakumbuka ni yeye tulizika.

Tulipokuwa basichana kule Kasugho, shangazi ya Masika alipata kidonda kwa titi. Batu balisema ni uchawi, akawa anakula nyuma ya nyumba. Siku moja Masika alibeba sahani yake, akaenda kukaa naye, bakala pamoja. Nilimuuliza:

— Hauogope?

— Naogopa sana, lakini anakula peke yake!

Shangazi alikufa. Masika hakuacha bagonjwa tena, na mimi sikuelewa anatoa wapi nguvu.

Siku ya matanga, mama moja wa Mutwanga alinivuta kando. Ako na uvimbe kwa titi, na Masika alimuahidi kumupeleka hospitali kule Beni.

— Sasa nitaenda na nani?

Kinywa yangu ilijibu mbele ya kichwa kufikiri:

— Na mie.

Basi, kesho tunapanda pikipiki kwenda Beni. Sijui nitaambia doktere nini. Tuombee, sisi babili.

Koko wako,
Kahindo